Mkono wa Trésor

Kila asubuhi Aline alikoroga uji, akaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hadi kikombe, kisha akamwita mdogo wake Trésor aje ameze kidonge. Trésor alikuwa na miaka saba na hakukipenda kidonge hicho. Alikificha chini ya ulimi, akatoa macho kama mtu aliyemeza kweli. Aline akamwambia ainue ulimi, na hapo wote wawili wakaangua kicheko.

Trésor alikuwa na kifafa. Tangu mama yao, Rosa, alipoanza kumchukulia vidonge hospitalini Kasulu, msimu mzima wa mvua ulipita bila mtoto kuanguka hata mara moja. Mama alikuwa shambani kuanzia alfajiri, kwa hiyo kazi ya kidonge aliachiwa Aline, aliyekuwa darasa la sita.

Aline alikuwa na kazi nyingine aliyoionea fahari. Kila Jumatano kikundi cha maombi kilikusanyika sebuleni kwao, kijijini, kando ya barabara iendayo Makere. Bibi Consolée, mmoja wa wanakikundi, aliyekimbia Burundi akiwa msichana, alijua kusoma Kirundi tu. Mzee Felisiani, kiongozi wa kikundi, macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Basi Aline ndiye aliyesoma Biblia kwa sauti. Mzee alimwelekeza wapi aanze, wapi aruke na wapi aishie, naye Aline alifuata.

Mzee Felisiani alimpenda Trésor. Hakuwahi kuja bila kipande cha muwa mfukoni kwa ajili yake. Miaka mingi nyuma binti yake mwenyewe alianguka kifafa akifua nguo mtoni, maji yakamchukua. Watu hawakulizungumza jambo hilo mbele yake.

Jumatano moja mzee alimwomba Aline asome habari ya mtoto aliyekuwa akiangushwa motoni na majini, katika kitabu cha Marko. Aline alisoma jinsi baba wa mtoto yule alivyolia na jinsi pepo alivyokemewa. "Ruka sasa," mzee alisema. "Nenda pale wanafunzi walipouliza kwa nini wao walishindwa." Aline akaruka. Katika Biblia ile jibu lilikuwa kwamba namna hiyo hutoka kwa kusali na kufunga.

Mzee akasema kwa upole kwamba jibu limepatikana. Trésor afunge pamoja nao. Vidonge navyo viwekwe kando, maana huwezi kumwomba Mungu huku umeshika dawa mkononi. Mama Rosa aliinamisha kichwa. Alikuwa amechoka kwa hofu ya miaka mingi, akakubali. Aline hakuuliza chochote. Yeye mwenyewe ndiye aliyesoma, na maneno yalikuwepo.

Asubuhi ya pili ya mfungo kulikuwa na baridi na ukungu. Trésor alijikunja karibu na mafiga, mahali sufuria ya maharage ya kufungulia ilipokuwa ikichemka. Kidonge hakuwa amekigusa tangu mfungo uanze.

"Dada," alisema, "nipe hata ukoko wa uji."

"Vumilia. Tunakuombea."

"Nitameza kidonge. Sitakificha."

Aline aligeuza uso. Alitoka nje kuchukua kuni, na huko jirani yao Ange alikuwa akitwanga kisamvu. Waliposikia sufuria ikianguka walikimbilia jikoni. Trésor alikuwa chini akitetemeka mwili mzima, povu likimtoka mdomoni, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya makaa.

Aline aliruka mbele, lakini Ange alimkamata nguo kwa nyuma. "Usimguse. Ukigusa povu lake nawe utaanguka hivyo hivyo."

Hivyo ndivyo watu walivyoamini pale kijijini, na Aline alikuwa amekua akisikia hivyo. Alisimama. Baadaye hakujua alisimama kwa muda gani. Alijua tu kwamba harufu ya nguo inayoungua ilimfikia, ikafuatwa na harufu nyingine, ndipo akajinasua na kumvuta mdogo wake kwa miguu.

Hospitalini daktari hakumfokea mtu. Alieleza kwamba dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla, ugonjwa hurudi kwa nguvu, na njaa huongeza hatari. Vidole viwili vya mwisho vya Trésor vilikuwa vimeungua hadi mfupa. Vilikatwa siku ile ile.

Kesho yake Mzee Felisiani alifika na Bibi Consolée. Muuguzi alikuwa ameacha kidonge na kikombe cha uji juu ya kabati. Mama Rosa alivitazama bila kuvigusa. Alinong'ona kwamba labda mambo haya yamewapata kwa sababu waliomba kwa mashaka, na kwamba akimpa mtoto dawa sasa, Mungu atamwacha kabisa. Mzee hakumpinga. Trésor alilala kimya, midomo imekauka, macho yakifuata kikombe.

Ndipo akaingia Mchungaji Epifania wa pale mjini, ambaye alizoea kuwatembelea wagonjwa. Aliwaamkia, akaketi kitandani miguuni pa mtoto, akasikiliza habari yote. Kisha akatoa Biblia kwenye mkoba na kumpa Aline.

"Nisomee tena. Safari hii usiruke. Unionyeshe mahali mtoto yule mgonjwa aliponyimwa chakula."

Aline alisoma kwa sauti ndogo. Alipofika mwisho alirudi juu, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Hakuna mahali hapo, Mchungaji."

"Maneno ya kusali waliambiwa akina nani?"

"Wanafunzi wake."

"Watu wazima walioshindwa kazi yao. Hakuambiwa mtoto. Sasa fungua Mathayo, sura ya kumi na saba. Habari ni ile ile. Baba yake anasema mtoto anaumwa nini?"

Aline alitafuta, akasoma, akainua macho. "Kifafa."

Mzee Felisiani aliuliza polepole kama basi mmoja wa waandishi alikosea, maana Marko alisema ni pepo.

"Hapana, mzee wangu," alisema Mchungaji. "Watu wa zama zile walimwona mtoto anaangushwa na kitu kisichoonekana, wakasema ni pepo. Wengine walidhani ni mwezi wa angani unaomsumbua, na katika lugha ya kwanza ya Mathayo neno lililotumika linatokana na mwezi. Kila mmoja alieleza kwa maneno ya watu wake. Bibi Consolée, wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka wa nzige," bibi alijibu.

"Mzee wangu, bibi akisema hivyo humwiti mwongo. Wala huendi shambani kuwatafuta nzige. Unauliza watu wa wakati ule walihesabuje miaka."

"Nzige walikuja kweli," bibi alisisitiza. "Walimaliza mtama wote." Hata Mama Rosa alitabasamu kidogo.

"Walikuja, bibi yangu. Na mtoto yule aliumwa kweli." Mchungaji alimgeukia Aline. "Ulipokuwa ukiruka, uliruka mstari gani?"

Aline aliutafuta. Watu walikuwa wakisema mtoto amekufa, lakini Yesu alimshika mkono akamwinua. Aliusoma, kidole chake kikabaki kwenye neno "mkono". Alikumbuka alivyosimama mlangoni mwa jiko.

Mama Rosa aliinuka. Alichukua kidonge, akakiweka kwenye ulimi wa mwanawe, akamshikia kikombe. Trésor alikunywa uji mpaka akalamba ukingo. Kisha, bila kuambiwa, akainua ulimi kumwonyesha dada yake.

Vidole havikurudi. Kwa miezi mingi Aline hakuweza kukwangua ukoko wa uji bila kuisikia sauti ya Trésor akiuomba. Lakini vidonge vilirudi mahali pake, na kikundi cha maombi kiliporudi sebuleni, Mchungaji Epifania alikuja nacho. Muuguzi aliyefuatana naye aliwafundisha kumlaza ubavu mtu aliyeanguka, kumwondoa penye moto au maji, na kwamba povu haliambukizi mtu.

Mchungaji aliwatazama watoto waliokaa mkekani. "Mkisoma Biblia, ulizeni iliandikiwa watu gani na waliishi vipi. Msiruke mistari. Na mkiona maelezo ya mtu yeyote, hata yangu, yanamfanya mtoto alale na njaa au akose dawa, simameni muulize. Kuuliza si kukosa imani."

Mzee Felisiani alijisogeza kwenye mkeka, akapapasa mpaka akaupata mkono wa kushoto wa Trésor, ule wenye vidole vitatu. Aliushika kwa mikono yake yote miwili, na hakuuachia mpaka sala ilipokwisha.