Alama ya Mdeki

Jirani yetu Orpha alikuwa hajawahi kufyatua risasi hata moja kabla ya mwaka ule. Alikulia kwenye milima hii ya West Virginia kama sisi wote, na nyumbani kwao pembe za kulungu zimetundikwa kila ukuta. Lakini baba yake, Hobart, alikuwa akimwambia asubiri mpaka mikono yake iweze kulibeba gobore lake bila kutetemeka. Kisha Hobart akafa mlimani. Gobore likatundikwa juu ya mlango wa jikoni, likakaa hapo mwaka mzima bila mtu kuligusa.

Siku lilipoteremshwa ilikuwa Jumamosi ya kawaida, yenye jua, theluji bado. Bibi Arvilla, mama yake Hobart, alikuwa nje anakoroga matufaha kwenye sufuria kubwa. Baba mdogo Dencil alikuja na kopo la baruti na mfuko wa risasi, akasema msimu wa kuwinda kwa magobore umekaribia na mtoto lazima ajifunze.

"Si umfundishe kwa bunduki ya kawaida," Bibi alisema.

"Bunduki ya kawaida hata huyo ng'ombe wako anaweza kuipiga, Mama. Mwache ajifunze ya baba yake."

Wakaenda nyuma ya ghala. Dencil alikuwa mwalimu mzuri, hilo Orpha hakulikana hata baadaye. Alimweleza taratibu: unamimina baruti kwa kipimo, hukadirii kwa jicho. Unaweka kitambaa chenye mafuta kwenye mdomo wa mtutu, juu yake risasi ya duara, kisha unavishindilia mpaka chini kwa mdeki, ule ufito mrefu unaokaa chini ya mtutu. Ukifyatua, jiwe linagonga chuma, cheche zinaruka, halafu kuna kitambo kidogo kabla bunduki haijalia.

"Usitikisike hapo," alisema. "Wengi wanamkosa kulungu hapo. Wanasherehekea kabla ya kitoweo."

"Na kosa baya kuliko yote ni lipi?"

"Kushindilia mara mbili. Ukisahau kuna kitu ndani, ukaongeza kingine, mtutu unakupasukia usoni."

Ndiyo maana kabla ya yote unapima. Hobart alikuwa amechonga alama kwenye mdeki wake. Mdeki ukifika chini kabisa, alama inalingana na mdomo wa mtutu, na hapo unajua bunduki ni tupu. Alama ikibaki juu, kuna kitu ndani.

Orpha akautumbukiza mdeki. Ukagota. Alama ilibaki juu ya mdomo, upana wa vidole viwili.

Dencil alilamba midomo yake. "Kutu," alisema mwishowe. "Imekaa mno." Akaichukua bunduki mkononi mwake, akafunga skrubu ya kung'olea kilichokwama kwenye ncha ya mdeki na kwenda nayo nyuma ya banda la kuku, peke yake. Aliporudi, alama ililingana na mdomo. Wakapiga makopo mpaka bega la Orpha likauma, na shabaha yake haikuwa mbaya.

Lakini kabla hawajamimina baruti hata chembe, Orpha alikuwa ameona weusi chini ya kucha za baba yake mdogo. Kutu si nyeusi.

Jambo lenyewe lilimjia jioni, mikono ikiwa kwenye maji ya vyombo. Siku ya mazishi Dencil aliwaambia watu wote kwamba walikuwa wawili mlimani, Hobart akateleza kwenye mawe, na gobore lake likamlilia mkononi. Hivyo ndivyo alivyokufa. Gobore hubeba risasi moja tu. Likishalia, ni tupu. Na tangu siku ile hakuna aliyelishindilia, ila leo alama ilibaki juu.

Orpha akasimama pale mpaka maji yakapoa.

Kesho yake, Orpha na Bibi waliporudi kutoka kanisani, walimkuta Dencil jikoni anakunywa kahawa. Alikuwa na ufunguo wake mwenyewe. "Twende tukapige," alisema. Orpha akachomoa mdeki.

"Huna haja ya kupima. Jana tumeiacha tupu."

"Wewe mwenyewe umenifundisha, baba mdogo."

Akapima. Vidole viwili juu ya mdomo.

Dencil alimtazama. Orpha naye alimtazama. Orpha alifikiri hivi: huyu anajua nimeelewa, na anataka mtutu unipasukie usoni ili waseme mtoto alikuwa bado anajifunza.

Akatoa risasi ile mbele yake. Kisha akaichukua bunduki ikiwa tupu, akaifungia chumbani kwake, na ufunguo akauvaa shingoni.

Asubuhi mlango ulikuwa bado umefungwa. Bunduki ilikuwa palepale. Akapima.

Vidole viwili.

Akafunga skrubu, akavuta. Ikatoka risasi. Kikafuata kitambaa kilichoifunga. Vitambaa vya Dencil vilikuwa vyeupe tupu. Hiki kilikuwa na mistari ya buluu, na ukingo mmoja ulikuwa umepindwa kwa uzi mwekundu. Akakinusa. Hakikunuka mafuta. Kilinuka udongo mbichi.

Akampelekea Bibi. Bibi alikuwa anakata mkate wa mahindi. Aliweka kisu chini polepole.

"Uzi mweupe uliniishia," alinong'ona. "Nikamalizia na mwekundu. Nikasema hakuna atakayeona, koti litafunika."

"Shati gani hilo, Bibi?"

"Nililomshonea baba yako." Bibi alikaa. "Tulimzika nalo."

Siku msimu ulipofunguliwa, Dencil alikuja alfajiri na pikapu lake. Walikuwa waende wawili, mlima uleule, mawe yaleyale. Orpha alikuwa amevaa koti na buti. Alisimama katikati ya jikoni na bunduki mkononi, kitako sakafuni, mtutu juu.

"Pima wewe, baba mdogo."

"Mtoto huyu. Hata kulungu watakuwa wameshakunywa chai." Akautumbukiza mdeki. Ukashuka mpaka chini. Alama ikalingana na mdomo, sawasawa kabisa. Dencil akacheka, akauachia. "Umeona? Tupu. Twende."

Hapo mdeki ukaanza kupanda.

Hakuna aliyeugusa. Ulipanda polepole, kama unaosukumwa na kidole kutoka chini. Alama ikaacha mdomo. Kidole kimoja. Orpha alisikia kitu kikikwaruza ndani ya chuma. Vidole viwili. Ukasimama.

Dencil hakumwangalia Orpha, wala Bibi aliyekuwa kando ya jiko. Aliuangalia mdeki.

"Sikukusudia, Hobart," alinong'ona. "Niliona rangi ya kahawia tu. Nilidhani kulungu."

Mdeki ukashuka wenyewe. Taratibu. Mpaka alama.

"Ulinishika mkono kaburini," Bibi alisema. "Mkono huu."

"Nitakwenda kwa sherifu, Mama. Mwenyewe. Jumatatu nitakwenda."

Jumatatu ikafika, ikapita. Watu walimwona Dencil dukani akinunua misumari na kutania kama kawaida. Wiki ikaisha. Orpha alipotaka kwenda yeye kwa sherifu, Bibi alimshika mkono wa koti.

"Nilizaa wawili," alisema. "Nimebakiwa na huyo tu. Niachie, mwanangu."

Orpha akamwachia. Lakini tangu hapo kila alipoona moshi wa nyumba ya Dencil ng'ambo ya bonde aligeuza uso.

Siku ya mwisho ya msimu theluji ilikuwa imeshaanguka. Orpha alikwenda mlimani peke yake. Alitaka kutimiza alichoahidiwa na baba yake, basi. Akapima: tupu. Akamimina baruti kwa kipimo. Akaweka kitambaa cheupe, alichokikata mwenyewe kwenye shuka la zamani. Risasi. Akashindilia. Akapima tena: vidole viwili, kama inavyopaswa.

Kulungu dume alitokea kwenye miti ya mialoni, akasimama ubavu. Orpha akalenga. Akafyatua. Cheche, kitambo, wala hakutikisika. Bunduki ikalia. Mshindo ulikuwa mkubwa kuliko siku zote, ukamsukuma mpaka akapiga goti.

Moshi ulipotawanyika, kulungu alikuwa chini.

Akafanya anavyofanya kila mwindaji wa gobore: akatembea mbele kukitafuta kitambaa chake, maana hicho hudondoka njiani na kukuambia kama umeshindilia vizuri. Akakiona juu ya theluji. Cheupe, kimeungua katikati. Akainama akakiokota.

Hatua chache mbele kulikuwa na kingine.

Kilikuwa bado kinatoa moshi. Mistari ya buluu. Uzi mwekundu.

Akautazama mtutu. Haukuwa na ufa popote. Akamkimbilia kulungu, akamgeuza upande huu na upande ule, akapapasa manyoya yote kwa vidole vyake. Alikuwa na tundu moja tu.

Ng'ambo ya bonde, upande uleule alikolenga, kwenye nyumba ya Dencil, mbwa walianza kubweka. Walibweka wote kwa pamoja. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.