Dola Ambako Jua Halichomozi

Ijumaa, tarehe 14 Mei 1948, saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Nilikuwa natoka dukani na chupa ya mafuta ya taa, nikienda haraka. Jua likitua Ijumaa, kwetu Waadventista, Sabato imeingia na kazi imekwisha.

Mke wangu Drusilla tulimzika kwetu Ikonge wiki sita kabla ya siku hiyo. Mimi na binti yetu, Nyanchera, tulirudi Nyansiongo, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu, ambako nilikuwa mkamuaji wa ng'ombe.

Karibu na ghala la mahindi nilikuta watu watatu wakibishana.

"Mhubiri huyo ni Mkisii," alisema Nyamongo, mkamuaji mwenzangu. "Anaongea Ekegusii kama mtu wa Ikonge kabisa."

"Masikio yako yamejaa maziwa," Benter akamjibu. "Yule ni Mjaluo. Anaongea kama watu wa nyumbani kwa mume wangu."

Mchunga ng'ombe mmoja, Mkipsigis, akatikisa kichwa. "Wote waongo. Ametuhubiria kwa Kikipsigis tangu mwanzo."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu mmoja, mahubiri yaleyale, na kila mmoja amesikia lugha ya mama yake...

"Mzee wa Kanisa, kimbia!" Nyamongo alinitania. "Sabato itakukamata njiani na chupa mkononi!"

Benter alinishika mkono. Alikuwa jirani yangu. Chumba chake na changu vilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Ndiye aliyemuuguza Drusilla. Mumewe, Owino, alichukuliwa vitani Burma. Barua ilirudi, maiti haikurudi.

"Shemeji, twende kwa mhubiri ghalani," alisema kwa sauti ya chini. "Anasema wafu wetu wapo, na watatuita."

"Mama Anyiko, aliyekufa amelala. Haiti mtu mpaka Bwana arudi."

"Wewe ulimzika wako. Mimi nilizika nini?"

Akaingia ghalani. Nilimfuata ili nimrudishe nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Ndani kulikuwa na watu kama kumi. Hapakuwa na harufu ya mahindi. Palinuka udongo uliochimbwa siku hiyohiyo. Mhubiri alikuwa mtu mfupi, mwenye koti safi. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa nzima, lakini viatu vyake havikuwa na tope.

"Mwingereza anajisifu kwamba katika dola yake jua halitui," alisema. "Katika dola ninayowatangazia, jua halichomozi."

Alisema kwa Ekegusii. Ekegusii cha kijijini kwetu.

"Huko Mkisii, Mjaluo, Mkipsigis na Mmasai hawaibiani ng'ombe tena. Hakuna mipaka. Dini ni moja. Na raia wake ni wengi kuliko ninyi mlio hapa juu."

Hapa juu. Wengine waliitikia amina. Mimi niliuliza, "Mfalme wa dola hiyo ni nani?"

Akatabasamu. "Wajaluo wanamwita Mungu Nyasaye. Ninyi mnamwita Nyasae. Si jina moja? Mbona unanishuku?"

"Sikuuliza habari za Mungu. Nimeuliza habari za mfalme."

Mhubiri alifungua mlango wa nyuma, ule unaotazama mtoni. "Mtaitwa na mnaowalilia," alisema. "Itikeni tu. Kuitika ndiko kubatizwa."

Kisha nikasikia miguu nje. Mingi sana. Inaburuzwa kwenye majani yaliyolowa... inakaribia... ikasimama.

"Min Anyiko..."

Hivyo ndivyo Mjaluo anavyomwita mkewe: mama wa Anyiko. Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, imechoka.

Benter alipiga hatua kuelekea mlangoni; nikamshika mkono.

"Usiitike!" nilimnong'oneza. "Mama Anyiko, nakuomba..."

"Ni Owino, shemeji. Ni yeye."

"Humwoni!"

"Nipo!" akalia kwa nguvu. "Nipo, baba Anyiko!"

Akaponyoka mkononi mwangu na kutoka kwa mlango wa nyuma. Nilisikia hatua zake tatu, nne. Kisha sikuzisikia tena.

Ndipo nami nikaitwa.

"Jeconia."

Ilikuwa sauti ya Drusilla. Hata kile kikohozi kidogo cha mwisho kilikuwemo. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Mungu anisamehe, nilitaka kuitika.

Lakini mwanamke wa Kikisii hamtaji mumewe kwa jina lake. Miaka kumi na sita ya ndoa Drusilla hakuwahi kulitamka, hata alipokuwa na hasira. Aliniita Ise Nyanchera, yaani baba wa Nyanchera. Jeconia ni jina la kwenye kitabu cha mzungu cha orodha ya wafanyakazi.

Nikafunga mdomo.

Kisha nikasikia mtu akinong'ona kule nje, kama anayemfundisha mwenzake neno alilokosea. Mnong'ono ulikuwa wa mwanamke. Niliujua. Nilikuwa nikiusikia kila siku upande wa pili wa ukuta.

Kisha sauti ya mke wangu ikaita tena, polepole.

"Ise Nyanchera..."

Nilikimbia. Chupa ilipasukia mlangoni. Sikugeuka nyuma.

Asubuhi, nyuma ya ghala, tope lilikuwa na nyayo: miguu mitupu, makubadhi, buti za askari wa vita. Zote zilielekea mtoni. Hakuna zilizorudi. Watu wanne wa kambi hawakuonekana tena, na Benter alikuwa mmoja wao. Karani wa shamba alisema mhubiri yule alikuwa tapeli anayeandikisha vibarua wa mashamba ya mkonge, na watu wa namna hiyo hujua lugha nyingi. Huenda. Niliwaandikia ndugu zake Benter. Walijibu kwamba hakufika kwao, wala hakuna barua yake.

Ijumaa iliyofuata, jua lilipotua, Nyanchera aliinua kichwa kutoka kwenye sahani.

"Baba," alisema. "Mama ananiita."

Sikuwa nimesikia kitu. Nilimziba mdomo kwa kiganja, nikamshika hivyo hadi giza lilipokamilika. Alinitazama kwa macho makavu. Jumapili nilimpeleka Ikonge kwa bibi yake. Nimemuuliza mara nyingi kama aliitika kabla sijamziba. Kila mara hunijibu, "Sikumbuki, baba."

Kanisa letu halituagizi kuwaombea waliolala. Mimi namwombea mke wangu.

Ee Bwana, mlaze Drusilla. Umfunike, umzibe masikio. Mwingine yeyote akimwita, asisikie. Akisikia, asiinuke. Wewe mwenyewe umwamshe, siku yako, na usimtume mtu. Amina.