Kikohozi cha Kirangozi

Zama zile pembe za ndovu ziliposhuka pwani mabegani mwa watu, hapakuwa na kirangozi aliyeheshimiwa njiani kama Kasanda wa Unyanyembe. Alitangulia msafara kwa joho jekundu na manyoya ya korongo kichwani, ngoma mkononi. Mara mbili aliwashinda wanyang'anyi wa nyika ya Mgunda Mkali. Sasa alikuwa akirudi kwao, amechoka hoi, akihesabu siku nne tu amwone binti aliyezaliwa yeye yuko safarini.

Jioni wapagazi walizunguka kiko kimoja cha kibuyu. Kwao, aliyevuta bila kukohoa hakuwa mwanamume. Basi walikohoa kwa mbwembwe, wakichekana. Kasanda alikohoa kuliko wote, nao wakamshangilia. Masikini, kumbe wanashangilia maradhi!

Nyanzala, mke wa mpagazi mmoja, hakushangilia. Asubuhi moja alimfuata kirangozi mtoni.

"Baba, kiko hakijawashwa, nawe unakohoa."

"Vumbi la njia, mama."

"Vumbi halimtoi mtu jasho usiku wa baridi. Mshipi wako umeukaza mara tatu tangu Ugogo. Hebu nione hilo jani ulilotemea."

Kasanda alilifumbata kwanza, kisha akalifungua. Damu.

"Kifua kikuu," alisema Nyanzala. "Kilimchukua mama, kisha ndugu zangu wawili waliomuuguza. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Dawa yake?"

"Maziwa, mchuzi, kupumzika. Ya kuponya siijui. Ila uwe na kata yako ya kunywea maji, kiko chako, kibanda chako peke yako."

"Na mwanangu?"

Kwao, baba aliyetoka pwani hunywa maji ya kata langoni, akamnywesha mtoto yaliyobaki. Ndipo huwa baba yake mbele za watu. Nyanzala alilia kabla ya kujibu.

"Usimnyweshe."

Siku ya nne mkewe alimpokea langoni, kata mkononi, mtoto kiunoni. Kasanda, aliyesimama mbele ya mishale, aliipokea kata macho chini. Akanywa. Yaliyobaki akayamwaga chini.

"Amemkana mtoto!" watu waliguna.

"Simkani," alisema, akirudi nyuma. "Nina kifua kikuu. Msinisogelee."

Aliishi masika mawili katika kibanda cha mwisho wa shamba, akimpigia ngoma bintiye kila asubuhi, naye akicheza ng'ambo ya ua. Kisha ngoma ikanyamaza.

Wasimulizi walilikumbuka joho na vita vya Mgunda Mkali. Nyanzala walimsahau. Lakini binti yule alizeeka hata meno yakamwisha, na hakuwahi kukohoa damu.