Laiti Ningetua Kisumu

Nina miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Matungu, mtoto wa mkulima wa miwa. Nilikuwa rubani. Nasema nilikuwa... kwa sababu siku hizi nikisikia tu mlio wa ndege naingia ndani na kufunga mlango.

Kwetu kuku akichinjwa, firigisi, tunayoiita imondo, hupewanga mwenye boma. Baba akiwa hai huigusi! Sasa mzee wangu akanipigia simu, akasema safari hii imondo ni yangu. Mwajiri wangu alikuwa amenituma kuchukua wageni Kakamega, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuleta ndege nyumbani. Nililia kwa furaha! Nikamwambia mama alete kijiji kizima uwanjani, waje na nyimbo.

Nilimbeba mdogo wangu Makokha, fundi wa kuchomelea, ambaye hakuwa amewahi kupanda ndege. Tulipokaribia Kisumu, injini ya kushoto ikalegea. Haikuzima, jamani... ingezima ningejua moja! Ilibaki na nusu ya nguvu, mara inakohoa, mara inatulia, nami nikajidanganya kwamba itapona. Uwanja wa Kisumu ulikuwa pale chini, mrefu, na magari ya zimamoto. Makokha akaniuliza, "Braza, si tushuke hapa tupande gari?"

Nikamfokea anyamaze. Baba ningemwambia nini? Nilifundishwa kwamba injini moja ikidhoofika utafute uwanja mrefu ulio karibu na usipoteze mwendo. Niliyajua hayo yote! Kiburi ndicho kilichonishika.

Kakamega nilishuka vizuri kabisa, nikawa karibu kugusa ardhi... kumbe watu wamejaa uwanjani! Wamefika hadi katikati, wanacheza, mama mbele akipunga leso. Ningemkanyaga mama yangu? Nikazipa injini zote mbili nguvu ili nipande tena nizunguke. Ya kulia ikanguruma, ya kushoto ikakataa. Ndege ikavutwa kushoto, mwendo ukaisha, nami kwa woga nikazidi kuinua pua yake... Bawa likainama. Tukaanguka kwenye shamba la mahindi, nyimbo zikageuka mayowe.

Mimi nilivunjika mguu. Makokha alikata roho mikononi mwa mama... yule mama niliyemwita mwenyewe!

Baba hajanilaumu hata siku moja. Heri angenitukana! Kuku akichinjwa nyumbani, imondo anaiweka kwenye sahani ya Makokha. Inakaa pale mpaka inapoa, na hakuna anayeigusa.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Kitu kikianza kulegea mkononi mwako, simama hapo hapo! Wanaokungoja watanuna, chakula kitapoa, na yatakwisha. Kutoka Kisumu hadi Kakamega kwa gari ni saa moja na kidogo tu. Saa moja na kidogo... na Makokha angefika.