Jumamosi ya Rodna

Rodna anashona kola. Mimi, Vaska, nashona mikono ya shati. Katika kiwanda chetu hapa mjini Shtip kila mwanamke ana kipande chake. Shati zima tunaliona dukani tu, na huko hatulinunui.

Mume wake, Stojmir, ni mjenzi huko Slovenia, nchi ya mbali. Huja nyumbani kila baada ya miezi miwili. Basi lake hufika Jumamosi saa mbili asubuhi, na usiku huohuo anarudi. Nasi Jumamosi zote tulikuwa kazini mpaka jioni. Miaka mitatu waliishi hivyo.

"Vaska," aliniambia siku moja, "sauti yake ya kwenye simu naijua. Ile ya asubuhi, kabla hajanywa kahawa, imenitoka kabisa."

"Wangu ninaye kila asubuhi," nikamtania. "Nikuazime?"

Alicheka, kisha akalia. Nilijuta kuufungua mdomo wangu.

Jumapili moja ya Septemba tulikuwa uani kwa jirani yetu, mama Dobrila, tukichoma pilipili hoho nyekundu za kutengeneza ajvar, rojo la akiba ya majira ya baridi. Mama Dobrila alishona miaka thelathini katika kiwanda cha zamani cha serikali. Siku hizi husaidia katika ofisi ya chama cha wafanyakazi mjini.

"Mama, mbona chama hakiji kwetu?" Rodna aliuliza. "Zamani kilimletea mama yangu nusu nguruwe kila Novemba. Kilimpeleka hata ziwani Ohrid kupumzika."

Mama Dobrila alicheka mpaka akajipaka masizi usoni. "Kumbe umekaa unasubiri nguruwe!"

"Nasubiri Jumamosi, mama. Moja tu."

Mama Dobrila aliacha kucheka.

"Sikiliza, mwanangu. Chama kile kilikuwa cha serikali. Mtu alianza kazi akakikuta. Sasa chama ni cha wafanyakazi wenyewe. Msipokianzisha ninyi, hakuna atakayewaletea."

"Lakini tulisaini barua," nikasema.

Kila mmoja wetu, siku ya kuajiriwa, alisainishwa barua ya kuacha kazi isiyo na tarehe. Bosi amezifungia kwenye droo ya meza yake. Ukileta maneno, anaandika tarehe, na wewe umekwisha.

"Mlisainishwa kwa lazima, na hilo ni kosa," mama Dobrila alisema. "Kila mmoja aandike jinsi alivyosainishwa, na kwamba hajaomba kuacha kazi. Atie tarehe na saini, alete ofisini kwetu. Kisha mjiunge, mchague mwakilishi. Kazi ya ziada ina kikomo kisheria. Haiwezi kuwa kila Jumamosi ya Mungu."

"Na akinifukuza?" Rodna aliuliza.

"Ukiwa peke yako, atakufukuza asubuhi na mapema. Mkiwa arobaini, nani atashona?"

Tuliandika thelathini na wanne. Wengine waliogopa, na siwalaumu. Tulimchagua Rodna, maana hakuna aliyeitaka Jumamosi kuliko yeye.

Alhamisi bosi alikuja na barua mkononi.

"Rodna, umeacha kazi. Hii si saini yako?"

"Saini ni yangu, bosi. Tarehe ni yako."

"Toka."

Alisimama. Niliogopa, sitadanganya. Lakini nilizima mashine yangu.

"Bosi," nikasema, "mashati bila kola tumpelekee nani?"

Mashine zilizimwa moja baada ya nyingine, hata za wale ambao hawakuandika. Kelele zilipokwisha, nilisikia jinsi bosi anavyohema. Rodna akakaa tena kwenye kiti chake.

Kesho yake mkaguzi wa kazi wa serikali alifika na mama Dobrila, wakiwa na barua zetu thelathini na nne. Mazungumzo yalichukua wiki tano, na mara mbili yalivunjika. Mwishowe tulirudishiwa barua zile za zamani, tukazichana wenyewe. Kazi ya Jumamosi sasa ni mara moja kwa mwezi, na tarehe hupangwa mapema.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba nilimsindikiza Rodna hadi kituo cha mabasi. Kwenye simu hakuwa amemwambia mumewe lolote. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo, akaifuta, akaipaka tena.

Stojmir alishuka wa mwisho. Wenzake walikuwa wakikumbatiwa na watu wao. Yeye hakumtazama mtu. Alitupa begi begani, akainamisha kichwa, akaanza kutembea kuelekea nyumbani. Alipita hatua mbili kutoka kwetu. Miaka mitatu hakuwahi kupokewa, kwa hiyo hakumtafuta yeyote.

 Rodna alimkimbilia, akamshika mkono wa koti kwa nyuma. Stojmir aligeuka kama mtu anayetaka kuomba radhi kwa kumgonga mgeni.

Akamwona.

"Rodna," alisema, kwa sauti nzito iliyokauka ya mtu ambaye hajanywa kahawa. "Leo si Jumamosi?"

"Ni Jumamosi," Rodna alisema. "Ni yetu."