Fomu Chini ya Majani

Lori lilipita soko la Silibwet, Bomet, likiruka matuta kama mbuzi. Kiptum, jasusi wa serikali, alikanyaga mafuta. Subaru ikanguruma.

“Tinga Moja, umebaki na saa moja kabla matokeo yatangazwe.” Ilikuwa sauti ya Omariba, mkubwa wake, kwenye redio.

“Nimeliona.”

Alilipita, akalifungia njia, akashuka na bastola ya Glock mkononi.

Dereva alitoa kichwa, mpole kabisa. Akasema amebeba majani ya kiwanda, kwani siku hizi mnakamata chai? Kiptum alipanda nyuma ya lori. Aligusa gunia. Lilikuwa limeshindiliwa likawa gumu kama jiwe. Akaingiza mkono. Majani yalikuwa moto, yameanza kuwa mekundu.

Hakuna mtu wa Bomet anayeshindilia majani mabichi. Yataungua na kiwanda kitayakataa. Aliyepakia lori hilo hajawahi kuchuma chai.

Akamwaga gunia.

Fomu za matokeo ya ugavana. Mamia. Zina mihuri, zina sahihi, zote zikimpa ushindi mgombea mmoja, Mheshimiwa. Zilikuwa zinaenda kuchukua nafasi ya zile za kweli.

Dakika arobaini baadaye alizitupa mezani kwa Madam Phelis, msimamizi wa uchaguzi. Madam alizisukuma kando, akajumlisha zile halali, akatangaza.

Mheshimiwa ameanguka.

Kazi imeisha. Ndivyo Kiptum alivyodhani.

Nje ya ukumbi wa kujumlishia kura, Mheshimiwa alikuwa amesimama juu ya gari, amevua viatu ndio aonekane maskini. Aliwaambia watu kwamba karatasi ni za wakubwa, kura ni wao wenyewe, anayemtaka ainue mkono. Uwanja ukajaa mikono. Kiptum akaona ya mamake, Bilhah, yote miwili, vidole vyeusi kwa kuchuma chai.

Akamsogelea, akamwonyesha fomu moja bandia aliyobaki nayo.

“Ameiba, sawa,” mama alisema bila kushusha mikono. “Lakini ameiba kwa ajili yetu, kijana yangu. Hao wakubwa wako huiba kwa ajili ya nani?”

Kiptum aliikunja fomu, akaitia mfukoni.

Redio ikakwaruza. “Tinga Moja, toka hapo. Wakubwa wanaongea na Mheshimiwa. Uchaguzi utarudiwa.”

“Na Madam Phelis?”

“Amejiuzulu.”

“Nimetoka kwake sasa hivi. Hajui.”

“Ataambiwa.”

Kiptum alivaa miwani ya jua, akapita polepole katikati ya ile mikono. Walimpisha vizuri, bila kumtazama.