Magofu Yasiyo na Watu

Siku ya Mtakatifu Roko, Venisi nzima ilijazana uwanjani kutazama picha zilizotundikwa ukutani. Lugrezia, mtandio mweusi begani, kucha zimeingia rangi ya buluu, alisimama mbele ya magofu ya Kirumi yasiyopatikana popote duniani.

"Aliyechora hii hajajenga hata banda la kuku," alisema. "Hizo nguzo zimeshikilia nini?"

"Zimenishikilia mimi, bibi," sauti ikajibu nyuma yake.

Alikuwa Bastian, mchoraji mwenyewe, koti limechakaa viwikoni, macho mekundu kwa uchovu. Lugrezia akaangua kicheko.

"Nisamehe, bwana. Lakini mbona hamna watu?"

"Watu siwawezi. Wananitoka kama vigingi."

"Mimi nawaweza. Ndiyo kazi yangu."

Tangu hapo Bastian akawa anajenga pichani, Lugrezia anatia watu: wafua nguo chini ya matao, ombaomba, mbwa wa njiani. Wageni wakanunua. Na katika harufu ile ya mafuta ya rangi, wakila samaki wa siki na vitunguu sahani moja, wakapendana bila kutangaziana.

Kisha Mwingereza mmoja akamwita Lugrezia akachore London. Lugrezia alikuwa amekwishakataa, ila habari zilimfikia Bastian nusunusu. Lugrezia alipofika kazini, alikuta watu wote wa pichani wamepakwa rangi juu, hawaonekani.

"Umewaua watu wangu, Bastian?"

"Si unaenda? Nenda nao!"

"Nani kakwambia naenda?"

"Soko zima."

"Basi kalioe hilo soko!"

Akaubamiza mlango.

Kipupwe kikaingia. Lugrezia alipamba mapepeo ya kujipepea ya mabibi hadi mgongo ukamuuma. Bastian alijenga ikulu juu ya ikulu, hakuna aliyezitaka. Asubuhi moja ya ukungu akabisha hodi kwa Lugrezia, kofia mkononi.

"Kumbe hukwenda."

"Sikuwa naenda. Hukuniuliza."

"Nilikosa. Nimechoka, Lugrezia. Majumba yote yale, na sina wa kula naye."

"Hata mimi nimechoka, mpenzi. Kukungoja wewe kunachosha kuliko kazi."

Bastian akasogea karibu. "Kubali nikuoe. Nina chumba kimoja tu, kule mtaa wa Cannaregio. Mvua ikinyesha kinavuja, tena juu ya kitanda."

Lugrezia akajitanda mtandio.

"Kinavuja? Basi angalau hicho kipo kweli. Twende ukanionyeshe pa kuweka ndoo."